Shimo Halijajaa: Kukagua na Kutunza Udongo Unaokunywa Maji Taka ya Nyumba Yako

Choo kikianza kushuka polepole, au maji yakichuruzika pembeni ya mfuniko wa chemba, kauli ya kwanza nyumbani ni kwamba shimo limejaa. Inapigwa simu, gari la kunyonya linakuja, linalipwa, na nyumba inapata nafuu ya wiki mbili au tatu. Baada ya hapo maji yanarudi palepale. Ziko nyumba za Dar es Salaam zinazoita gari kila mwezi wakati wa masika, na wenye nyumba wanaamini hiyo ndiyo gharama ya kuishi mbali na bomba la majitaka la mji. Si kweli.

Tanki la septiki lililojengwa sawasawa huwa limejaa siku zote. Tanki la lita 3,000, katika nyumba ya watu 6 wanaotoa kama lita 80 za maji taka kila mmoja kwa siku, hujaa ndani ya wiki ya kwanza ya kutumika. Tangu hapo maji hukaa sawasawa na mdomo wa bomba la kutokea, na lita moja inayoingia huisukuma lita moja kwenda nje. Maji yakipanda mpaka chooni, mara nyingi tanki halina hatia: udongo ulio mbele yake umekataa kunywa. Udongo huo ndio sehemu ghali kuliko zote katika mfumo mzima, nao ndio usiokaguliwa na mtu.

Nikisema eneo la kunywea namaanisha kile kinachopokea maji baada ya tanki. Kwenye viwanja vingi vya Tanzania ni shimo la duara lililojengwa kwa tofali zilizoachwa nafasi bila udongo wa saruji katikati, ili maji yapenye kwenda ardhini. Kwenye viwanja vikubwa, shule na nyumba za pembezoni ni mifereji: handaki la upana wa sentimita 45 hadi 90, kokoto chini, bomba la inchi 4 lenye matundu, kokoto tena, kitambaa cha kuchuja, kisha udongo. Umbo linatofautiana, kanuni ni ile ile.

Kinachotokea ukutani mwa shimo

Maji yanayotoka kwenye tanki si safi. Vizito vimezama chini kama tope, mafuta yameelea juu na kufanya ukoko, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Bado yana vijidudu na chembe laini zisizoonekana kirahisi. Yakigusa udongo, bakteria wasiohitaji hewa hujishikiza pale pale kwenye mpaka wa kokoto na udongo, wanakula na kuzaliana, na kujenga utando mweusi wenye utelezi, unene wa sentimita chache. Utando huu una kazi. Huchuja, hupunguza mwendo wa maji, na hufanya udongo ulio nyuma yake ubaki na hewa, na hewa hiyo ndiyo inayowezesha bakteria wengine kumaliza usafishaji kabla maji hayajafika kwenye maji ya ardhini.

Shida huanza chakula kinapozidi. Tope na mafuta vikivuka tanki, utando hunenepa kuliko uwezo wake wa kujila, na maji hupita kwa shida. Huanzia chini ya mfereji na kupanda ubavuni. Kwa sababu hiyo, hesabu nzuri ya shimo huhesabu kuta tu na kuiacha sakafu, kwa kuwa sakafu huziba mapema.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1992 wa vyoo na maji taka yanayomalizwa hapo hapo kiwanjani, lilitoa viwango vya kupangia kazi hii, na bado ni viwango vya busara. Mchanga wa chembe kubwa au za wastani hunywa lita 50 kwa mita ya mraba kwa siku. Mchanga laini hunywa 33. Udongo tifutifu wenye mchanga, 25. Mfinyanzi ulioshikana lakini usiovimba, 10. Mfinyanzi unaovimba ukilowa, chini ya 10. Hivi ni viwango vya maji taka na utando ukiwa umeshajengeka. Fundi anayemwaga ndoo mbili za maji safi kwenye shimo jipya, akaona yamepotea ndani ya dakika tano na kusema hapa panakunywa vizuri, amepima kitu kingine kabisa.

Sasa weka hesabu. Watu 6 kwa lita 80 ni lita 480 kwa siku. Kwenye udongo tifutifu wenye mchanga unahitaji kuta za mita za mraba 19.2. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lenye kina cha mita 3 chini ya bomba la kuingilia lina kuta za mita za mraba 14.1 tu. Litakunywa kama lita 350. Lita 130 zinazobaki kila siku hazina pa kwenda, na miezi ya kwanza hazionekani kwa sababu utando haujakomaa. Hivi ndivyo nyumba inavyohamiwa, inakaa vizuri mwaka mmoja au miwili, kisha inaanza kusumbua na lawama zinamwangukia mpangaji. Nyumba hiyo ilihitaji mashimo mawili, au mfereji wa mita 16 wenye kina cha kunywea cha sentimita 60, kwa kuwa kila mita ya mfereji huo inatoa mita ya mraba 1.2 za kuta. Nyumba hiyo hiyo ukiipeleka kwenye udongo mweusi wa Kitengela au Athi River nchini Kenya, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata mita 40 za mfereji ni kidogo. Ndiyo maana kule magari ya kunyonya, ambayo wenyewe huyaita eksosta, hayapumziki.

Kukagua bila kushuka

Kabla ya kugusa mfuniko wowote, neno moja. Usishuke ndani ya tanki wala shimo la kunywea, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja kuokota kitu. Ndani kuna gesi ya sulfidi ya hidrojeni. Ikiwa kidogo inanuka yai viza, ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa kwanza na mtu mwenyewe baadaye. Kuna metani pia, hivyo sigara na kiberiti vikae mbali. Mtu akianguka ndani usimfuate. Anayemfuata bila mtungi wa hewa na kamba huwa maiti ya pili. Acha mfuniko wazi kwa muda kabla ya kuinama juu yake, uwe na mwenzako, na watoto wafungiwe ndani mpaka mfuniko urudi. Mifuniko ya zamani ya zege ambayo nondo zake zimeliwa na kutu usiikanyage.

Anza kwa kutembea juu ya eneo la kunywea asubuhi wakati wa kiangazi. Tafuta ukoka uliostawi kupita majirani zake katika mstari mmoja, udongo uliolowa bila mvua, harufu, ardhi iliyozama. Mstari wa kijani mpevu juu ya mfereji mmoja huku mifereji mingine ikiwa mikavu maana yake chemba ya kugawia maji imeinama na mfereji mmoja unabeba mzigo wote. Jambo hilo ni rahisi kurekebisha, na watu wanachimba shimo jipya kwa sababu hawakulitazama.

Kisha fungua mfuniko wa tanki upande wa kutokea na uangalie kitu kimoja tu: usawa wa maji ukilinganisha na sakafu ya bomba la kutokea. Yakiwa sawa na bomba, tanki liko sawa na maji yanatoka. Yakiwa juu ya bomba, kuna kizuizi mbele: ama bomba limeziba, ama eneo la kunywea limeshiba. Yakiwa chini ya bomba, na nyumba haijanyonyewa tanki karibuni, tanki linavuja. Hilo la mwisho hufurahiwa na wengi kwa kuwa shimo halijai, kumbe maji taka mabichi yanaingia ardhini bila kuchujwa na chochote. Tazama pia ukuta juu ya maji. Alama nyeusi iliyo sentimita kadhaa juu ya bomba inaeleza kwamba maji yalipanda hapo siku za nyuma, hata kama leo yametulia.

Ukiwa hapo hapo tafuta tii ya kutokea. Ni kipande cha bomba chenye umbo la herufi T, mkono wake wa chini ukizama majini kiasi cha asilimia 40 ya kina cha maji. Tanki lenye maji ya mita 1.5, mkono ushuke sentimita 60. Kazi yake ni kuchota maji ya katikati na kuacha ukoko juu na tope chini. Katika mfumo mzima hakuna kifaa cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa namna hii, na hakuna kinachosahauliwa kama hicho. Fundi hupitisha bomba tupu ukutani, au huweka elbo, au tii hudondoka siku gari lilipokuja kunyonya na bomba lake likaigonga. Tanki lisilo na tii ya kutokea linapeleka mafuta moja kwa moja kwenye udongo, kila siku. Ikiwa utatengeneza kitu kimoja tu baada ya kusoma haya, tengeneza hicho. Ukiweza, weka na chujio la plastiki ndani yake, ukijua kwamba chujio linataka kuoshwa angalau mara moja kwa mwaka, na maji ya kuoshea yarudi upande wa kuingilia wa tanki.

Kupima tope kunahitaji fimbo mbili. Ya kwanza ndefu kuliko kina cha tanki, mita yake ya chini ifungwe taulo jeupe kuukuu. Ishushe taratibu karibu na tii ya kutokea mpaka igote sakafuni, iache dakika mbili tatu, ipandishe bila haraka. Tope huacha doa jeusi kwenye taulo. Hilo ndilo pimo. Ya pili ipigiliwe kipande cha ubao chini, kama mguu. Itoboze kwenye ukoko, izungushe, ivute juu mpaka mguu usikie uzito wa ukoko kwa chini, weka alama. Kwa mguu huo huo tafuta mwisho wa chini wa tii, weka alama nyingine. Kama chini ya ukoko pamebaki sentimita 15 au pungufu kufika mwisho wa tii, au juu ya tope pamebaki sentimita 30 au pungufu, nyonya. Kama nafasi bado ipo, kunyonya leo ni kutupa fedha, hata kama choo kinasumbua.

Kwa makadirio, mtu mmoja huongeza kama lita 40 za tope na ukoko kwa mwaka ikiwa maji yote ya nyumba yanaingia tankini. Watu 6 ni lita 240. Tanki la lita 3,000 linatakiwa kunyonywa theluthi yake ikishachukuliwa, yaani lita 1,000, na hiyo ni baada ya miaka minne hivi. Nyumba inayonyonya kila mwezi haina tope la kunyonya. Inalipia kusafirisha maji.

Siku ya kunyonya simama karibu. Mpira uingie kwenye mfuniko mkubwa na ufike sakafuni, tope lichanganywe na maji kabla ya kuvutwa, maana dereva mwenye haraka huvuta maji mepesi na kuliacha tope palepale. Vyumba vyote viwili vya tanki vinyonywe. Tanki likiwa tupu, kaa dakika kumi na tano ukitazama bomba la kutokea kwa tochi, ukiwa nje. Maji yakirudi ndani kutoka upande wa udongo, umeshapata jibu: eneo la kunywea limejaa maji kuliko tanki lenyewe. Hiki ni kipimo cha bure na watu wanakikosa kwa kwenda kutafuta chenji. Angalizo kwa wenye matanki ya plastiki maeneo ya maji ya juu kama pembezoni mwa Bonde la Msimbazi: tanki tupu wakati wa masika linaweza kusukumwa na maji ya ardhini likaibuka na kung'oa mabomba. Linyonywe kiangazi, na lijazwe maji mara moja.

Jambo jingine ni wapi gari linapokwenda. Dar es Salaam kuna mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti, na gari halali linamwaga huko. Linalomwaga mtoni, na kaya inayotapisha choo mvua ikinyesha ili kinyesi kibebwe na mafuriko, vinarudisha kipindupindu mtaani.

Kupima udongo unakunywa kiasi gani

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamaliza ubishi kati ya fundi na mwenye nyumba. Kinataka uwe na sehemu ya kuchungulia. Kwa shimo, mfuniko mdogo unatosha. Kwa mfereji, simamisha bomba la inchi 4 lililotobolewa chini, lifike mwisho wa kokoto, na juu lifungwe kifuniko. Asiye nalo aliweke; ni kazi ya asubuhi moja, ukiwa umeujua mstari wa mfereji kwa kuchoma mtarimbo polepole bila kutoboa bomba.

Saa 4 usiku, watu wakiacha kutumia maji, shusha futi yenye uzito mwishoni mpaka iguse maji, soma kina kutoka ukingoni. Saa 11 alfajiri, kabla ya mtu kuingia chooni, soma tena. Umepata saa 7 za udongo kunywa bila kuongezewa. Shimo tupu la kipenyo cha mita 1.5 lina lita 18 hivi katika kila sentimita moja ya kina. Maji yakishuka sentimita 8, udongo umekunywa lita 141. Gawanya kwa 7, zidisha kwa 24, unapata lita 485 kwa siku. Kwa nyumba ya lita 480, shimo hilo linamudu kwa shida na halina akiba hata ya mgeni mmoja. Likishuka sentimita 3, linakunywa lita 180, na hakuna gari litakaloiokoa nyumba hiyo. Shimo likiwa limejazwa mawe, nafasi ya maji ni kama asilimia 40 tu, hivyo sentimita moja ni lita 7. Mfereji wa urefu wa mita 16 na upana wa sentimita 60 wenye kokoto hubeba lita 38 kwa kila sentimita.

Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka: Septemba kukiwa kukavu, na katikati ya masika, Aprili. Pimo la Septemba linasema udongo una hali gani; la Aprili linasema maji ya ardhini yanapanda kiasi gani. Likiwa zuri Septemba na baya Aprili, utando si tatizo. Shimo limechimbwa kwa kina kupita kiasi na limezama ndani ya maji ya ardhini. Maji machache chini ya mfereji, sentimita tano au kumi, ni ya kawaida. Maji yanayofika juu ya kokoto na kukaa hapo mchana na usiku si ya kawaida.

Yanayoua udongo

Mvua ya paa ndiyo ya kwanza. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 za mvua hutoa lita 6,000 kwa siku moja, sawa na maji taka ya familia ile kwa siku 12 na nusu. Bomba la gata likielekezwa kwenye chemba ya choo kwa sababu ilikuwa karibu, tope lote linatibuliwa na kusukumwa mbele. Maji ya paa, ya uani na ya mfereji wa kiyoyozi yasikanyage septiki kabisa, na udongo juu ya eneo la kunywea uinuliwe kidogo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni.

Tangi la flashi linalovuja linafuata, nalo halionekani. Mkondo mwembamba wa glasi moja ya mililita 250 kwa dakika ni lita 360 kwa siku. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha raba. Watu wamechimba mashimo mapya kwa mamilioni kwa sababu ya raba.

Mafuta ya kukaangia hayachachi kirahisi. Sinki la jikoni liwe na mtego wake wa mafuta, kisanduku cha vyumba viwili kinachochotwa kila baada ya wiki chache, na mafuta yaliyobaki kikaangoni yaende kwenye takataka. Pampasi, taulo za kike, vitambaa vya kupangusia, majani ya chai, visitupwe chooni wala kwenye sinki. Jiki ya kusafishia choo kwa kiasi cha kawaida haina neno. Chupa nzima kwa mpigo inaweza kudhuru bakteria wa tanki. Kufua kwa mashine kusirundikwe Jumamosi peke yake.

Halafu gari. Tairi hushindilia udongo na kuvunja bomba, na zege au vitofali vilivyotandazwa uani huzuia hewa kushuka. Utando mweusi unapungua kwa hewa. Ukiufunika, umeufuga. Juu ya mifereji pafaa ukoka, na miti ikae mbali. Mfenesi, mkuyu na mwembe mizizi yake inafuata maji na kuingia kwenye matundu ya bomba. Mchicha na mboga nyingine zisipandwe hapo.

Na dawa. Kuna unga na maji ya chupa yanayouzwa kwa ahadi ya kumaliza tope na kufungua shimo. Bakteria wanaohitajika wanaletwa na kinyesi chenyewe kila siku. Hakuna haja ya kuwanunua. Dawa kali za asidi na magadi makali zinatibua tanki na kuharibu muundo wa udongo. Mbaya zaidi kwa maoni yangu ni chumvi, inayomwagwa kwa gunia ili shimo lishuke. Sodiamu iliyomo ndani yake huzitenganisha chembe za mfinyanzi, zikavimba na kuziba vinjia vyote vidogo vya maji. Kwenye mchanga mtupu wa pwani huenda usione madhara. Kwenye mfinyanzi unaua kile ulichotaka kukiponya. Nyumba zenye kisima cha maji ya chumvi zinapata madhara hayo kidogo kidogo bila kumwaga chochote.

Kuponya eneo lililokataa kunywa

Punguza maji kwanza, rudisha tii, nyonya tanki kama pimo la fimbo linasema hivyo, sawazisha chemba ya kugawia. Chemba hiyo ikaguliwe kwa kumwaga ndoo kumi za lita 20 tankini na kuangalia kila bomba linapata nini. Lililo chini kuliko mengine linyanyuliwe kwa pimamaji mpaka yatoe sawa. Kuzibua kwa maji ya nguvu husaidia mizizi na tope ndani ya bomba tu. Utando uko nje, kwenye udongo, na maji ya nguvu hayaufiki.

Kinachouponya utando ni mapumziko. Eneo likinyimwa maji taka, linakauka, hewa inaingia, na bakteria wa hewa wanaula utando wenyewe. Miezi sita huleta nafuu, mwaka mzima ni bora. Ndiyo maana nashauri kila anayejenga aweke maeneo mawili ya kunywea na chemba moja ya kugeuzia katikati, yenye kizibo cha bomba la inchi 4. Unahamisha kizibo mara moja kwa mwaka, mwisho wa masika, na kuandika tarehe kwa rangi chini ya mfuniko. Kila eneo peke yake liwe na uwezo wa kubeba nyumba nzima. Ambaye tayari ana shimo moja lililoziba achimbe la pili na asilifukie la kwanza. Baada ya mwaka litakuwa akiba yake.

Chimba kiangazi. Mfinyanzi ukichimbwa ukiwa umelowa, chepe husiriba kuta zikawa laini kama chungu, na maji hayapiti tena. Kwaruza kuta kwa reki kabla ya kuweka chochote, usikanyage chini ya mfereji. Kokoto ziwe za milimita 20 hadi 50 na zioshwe, kwa kuwa vumbi lake linatosha kuziba mfereji mpya. Weka angalau sentimita 15 chini ya bomba, au zaidi kufikia kina cha kunywea ulichohesabu, na 5 juu yake, matundu ya bomba yaelekee chini kwa pembeni, mteremko uwe karibu na hakuna, urefu wa mfereji mmoja usizidi mita 30, na kati ya mfereji na mfereji pabaki mita 2. Juu ya kokoto tandika kitambaa cha kuchuja, kisha udongo wa sentimita 30 au zaidi usioshindiliwa. Usipime mteremko kwa macho. Mpira wa maji wa fundi unatosha.

Kuna ushauri unaotolewa sana wa kuchimba mpaka ukute maji, eti shimo halitajaa. Halitajaa kiangazi kimoja. Masika yakija maji ya ardhini yanaingia shimoni, na mwaka mzima kinyesi kimekuwa kinaingia moja kwa moja kwenye maji ambayo jirani anavuta kwa pampu. Chini ya shimo au mfereji panatakiwa mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya usawa wa juu kabisa wa maji. Visiwani Unguja, ambako miamba ya matumbawe ina nyufa, udongo mnene juu ya mwamba unahitajika pia, kwa sababu ufa hauchuji. Pasipo kina hicho, jenga tuta la mchanga safi juu ya ardhi, sentimita 60 au zaidi, na mifereji iwe ndani ya tuta.

Kisima kikae mita 30 kutoka eneo la kunywea. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 umbali huo haupo, hivyo ukichimba pima na visima vya majirani, siyo chako tu. Wenye kisima karibu zaidi ya hapo wapime maji yao kwa bakteria wa kinyesi na kwa naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni inayotokana na maji taka. Kuchemsha huua bakteria. Naitreti haiondoki kwa moto, na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo ni hatari.

Mchoro wa ramani ya tanki, mabomba na mifereji, wenye vipimo kutoka kona mbili za nyumba, ukae pamoja na hati ya kiwanja. Nyuma ya mchoro andika tarehe ya kunyonya, pimo la tope, pimo la ukoko, sentimita zilizoshuka Septemba na Aprili. Pimo la Aprili likipungua kwa nusu kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, geuza kizibo mwaka huo huo, hata kama choo bado kinashuka vizuri.